Maji yametoka ndani, fundi rangi yuko mlangoni: nianze na lipi?

Swali: "Habari za kazi, kaka. Naishi Tabata Kisiwani. Usiku wa kuamkia jana mvua ilinyesha mpaka maji yakaingia ndani, yakafika magotini. Yamekaa kutwa nzima, leo asubuhi ndiyo yametoka, yameacha tope na harufu. Meinswichi tulizima wenyewe. Fundi umeme wa mtaani anasema soketi zikikauka tuwashe tu. Fundi rangi anataka aanze keshokutwa, akwangue, apige skimu (ule upako laini wa jipsamu) na rangi, maana Jumamosi ya wiki ijayo ndugu wanakuja kwangu kwa kikao cha sendofu ya mdogo wangu. Tangi la chini limejaa maji machafu, nataka linyonywe leo leo. Baba watoto yuko safarini. Nianze na lipi?"

Jibu:

Dada, poleni sana wewe na watoto. Nianze na fundi rangi, kwa sababu ndiye atakayekugharimu usipomzuia. Mpigie simu sasa hivi umwambie asije keshokutwa, wala wiki ijayo. Kama ameshanunua rangi, ndoo zikae stoo, hazitaoza. Sababu nitaieleza huko mbele, na ni ndefu kidogo. Kwanza yale ya leo yasiyongoja.

La kwanza ni umeme. Kuzima meinswichi mlifanya vizuri, ilimradi aliyezima hakuwa amesimama ndani ya maji. Nasema hivi kwa ajili ya wengine wanaosoma: maji yakiwa bado yamejaa sebuleni na meinswichi iko upande wa pili, usiyavuke kwenda kuizima. Piga simu TANESCO wakate kutoka nje, na ukiona cheche au moshi piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Huyo fundi anayesema soketi zikikauka muwashe tu, msikilize kwa adabu halafu usimfuate. Nyumba zetu nyingi soketi za chini ziko kama futi moja kutoka sakafuni, na maji yenu yalifika magotini, kwa hiyo zote zilizama. Maji ya mafuriko yana tope laini na chumvi. Soketi ikikauka, maji yanaondoka lakini tope na chumvi vinabaki kwenye vile vibati vya shaba, na hewa ya Dar ikiwa na unyevu, uchafu ule unaunyonya na kuanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Inaweza kuwaka vizuri leo, ikaunguza baada ya miezi kadhaa mkiwa mmelala. Soketi, swichi na breka zilizozama hubadilishwa. Hazianikwi.

Nyaya zenyewe, zile zilizopitishwa kwenye mabomba ya plastiki ukutani, mara nyingi hupona. Shida ni mabomba: yana mikunjo chini ambako maji hutuama hata ukuta ukionekana mkavu. Fundi afungue kila boksi, atoe maji, kisha apime kwa kifaa ambacho mafundi wenyewe wanakiita mega. Kinasukuma volti 500 kwenye waya na kuonyesha kama kuna umeme unaovuja. Kila sakiti, yaani kila njia ya umeme inayotoka kwenye breka yake, isome angalau megaohmu 1 ndipo iwashwe. Fundi asiye na mega asiguse nyumba yako kwa sasa, hata kama ni yule yule aliyeifunga umeme mwanzo. Muulize pia leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Mwenye nayo hachukii kuulizwa. Mita ya LUKU kama ilizama, hiyo ni ya TANESCO, waiteni waje wenyewe.

Friji, pampu, mashine ya kufulia: msijaribishe hata mara moja "kuona kama inawaka". Mota yenye tope ndani ingeweza kusafishwa na kupona, lakini ikichomekwa ikiwa mbichi inaungua pale pale. Gari pia kama lilikuwa uani, usipige stata. Livutwe kwa fundi. Mkiazima jenereta, ikae nje, mbali na madirisha. Na kuna tabia ya kuwasha jiko la mkaa ndani ili chumba kikauke. Tafadhali sana, usifanye hivyo. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa nayo usingizini.

Kabla hujashika ufagio, shika simu. Piga picha na video ya kila chumba kama kilivyo, tope likiwa hapo hapo. Simamisha futi ya kupimia ukutani kwenye alama ya maji na upige picha namba zionekane. Piga na nje, ukutani na getini. Andika orodha ya vilivyoharibika kwenye daftari, chumba kwa chumba. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aje aone na aandike barua.

Utasema, "Sina bima, picha za nini?" Subiri kidogo. Kama nyumba mliiweka dhamana ya mkopo, kuna uwezekano benki iliikatia bima na mmekuwa mkilipia pamoja na rejesho bila kukumbuka. Mpigie afisa mikopo umuulize. Mkiwa na bima, toeni taarifa leo hata kama hamjajua hasara ni shilingi ngapi, kwa sababu mikataba mingi inadai taarifa ya haraka na kuchelewa ni kisingizio rahisi cha kukataa. Soma vizuri: bima ya moto peke yake si lazima iwe na mafuriko ndani, mara nyingi huwa kipengele cha kuongeza. Angalia pia thamani iliyoandikwa. Nyumba ya milioni 200 ikikatiwa bima ya milioni 100, hasara ya milioni 20 inaweza kulipwa milioni 10 tu, kwa sababu mlilipia nusu. Kusafisha mnaruhusiwa; mkataba wenyewe kwa kawaida unakutaka uzuie hasara isizidi. Ila vitu vikubwa vilivyoharibika visitupwe kabla mthamini hajaviona, na kama vinanuka mno, vitoe nje, vipige picha, kata kipande cha zulia au sofa ukihifadhi. Wakikuzungusha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima.

Sasa tope. Lioshwe leo likiwa bichi. Kesho kutwa tope hilo la mfinyanzi litakuwa gumu, na mtakuwa mnalikwangua pamoja na lipu. Anzeni chumba cha ndani kabisa mje kuelekea mlangoni: chepe kwanza, ndoo za maji, fagio la mpira la kusukumia. Kuta zioshwe kuanzia juu ya alama kushuka chini. Msisahau nyuma ya makabati ya jikoni na chini ya bafu, huko ndiko harufu hujificha.

Vaeni gambuti na glavu, na watoto wakae kwa bibi yao mpaka umalize. Maji yaliyopita kwako yamepita kwenye vyoo, chemba na majalala kabla hayajafika sebuleni. Kipindupindu kila mtu anakijua. Kuna kingine watu hawakifikirii, homa ya mgunda, ambayo wengi waliisikia mwaka 2022 ilipozuka Ruangwa, Lindi. Inaletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na vimelea vyake huingia kupitia mchubuko mdogo wa ngozi au macho. Mtu aliyesafisha tope akipata homa, maumivu makali ya misuli na macho mekundu ndani ya wiki chache, aende hospitali na aseme wazi kwamba alishika maji ya mafuriko, wasimpime malaria peke yake. Aliyekanyaga msumari aulizie sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo.

Baada ya kuosha kwa maji na sabuni ndipo dawa ifuate. Klorini ya chupa, ile wengi tunaiita jiki, huwa na nguvu ya asilimia 3.5, soma chupa yako. Kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, pakaa sakafuni na ukutani, acha dakika kumi, suuza. Ukiimwaga juu ya tope, tope litaimaliza nguvu na hutakuwa umeua kitu. Na usiichanganye hata kidogo na dawa ya choo yenye tindikali, mchanganyiko huo unatoa gesi inayochoma mapafu, hasa bafuni palipobanana.

Kuhusu tangi la chini, hapa nakuomba usikie hata kama jirani zako wote wananyonya la kwao leo. Usilitoe maji yote sasa. Ardhi ya Tabata wiki hii imeshiba. Maji yaliyo ardhini yanalisukuma tangi lako kutoka chini na pembeni, na kinacholishikilia ni uzito wa maji yaliyo ndani. Ukilikausha, tangi la zege linaweza kupasuka sakafu, na la plastiki lililofukiwa linaweza kunyanyuka likakata mabomba yote. Shimo la choo vile vile: likifurika, mwite mwenye gari la majitaka apunguze, asilikaushe. Nimeona simtenki la lita nyingi likiwa limejitokeza juu ya zege uani kwa mtu, mfuniko ukiwa umeelemea ukuta wa jiko, na mwenye nyumba akadhani ni tetemeko.

Kwa leo, kata tangi hilo na nyumba: zima pampu, funga koki inayopandisha maji juu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa vipimo vya kwenye pakiti. Chimba kishimo pembeni ya tangi, au chungulia kisima cha jirani, uone maji ya ardhini yako kina gani. Maji ya ardhini yakishashuka chini ya kitako cha tangi ndipo mlikaushe, mlisugue, mlijaze, mtie klorini. Kwa kila lita 1,000 weka lita moja na nusu ya hiyo ya asilimia 3.5, acha ilale usiku mzima, halafu mwageni na msuuze ndipo mrudi kulitumia. Anayeingia kusugua asiingie peke yake: tangi lililofungwa na lenye tope linaweza kukosa hewa, na aliyemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Mfuniko uwe wazi muda mrefu, kamba kiunoni, mtu wa pili juu.

Turudi kwa fundi rangi. Tofali la saruji linanyonya maji kama mkate mkavu kwenye chai. Kwa macho maji yalifika magotini, lakini ndani ya ukuta yamepanda zaidi ya hapo, kwa sababu tofali linayavuta juu kupitia vitundu vyake. Siku chache zijazo utaona mstari wa giza umejitokeza juu ya alama ya tope, labda futi moja, labda zaidi. Ukuta huo una njia mbili tu za kukauka, uso wa ndani na uso wa nje. Ukipiga skimu na rangi keshokutwa, umeufunga uso mmoja, na mara nyingi ule wa nje una rangi nzito ya kuzuia mvua tangu zamani.

Maji yaliyofungiwa hayakati tamaa. Yanatembea, yakibeba chumvi kutoka kwenye saruji, kwenye mchanga na kwenye hayo mafuriko yenyewe. Yakifika nyuma ya rangi, chumvi inaganda, inavimba na kuisukuma rangi nje. Ndiyo ule unga mweupe na mapovu ambayo mtaani tunayaita fangasi. Fundi anakuja na dawa ya fangasi, anapaka, anapiga rangi upya, analipwa. Masika mengine anaitwa tena. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yale yaliyowahamisha watu wa Jangwani kwenda Mabwepande, nyumba nyingi nilizopita mabondeni zilikuwa zimepakwa rangi haraka ili familia zirudi katika hali ya kawaida. Naelewa kabisa moyo huo. Kuta zile ziliwatesa wenyewe kuliko zile zilizoachwa tupu.

Kwa hiyo kama huyo fundi anataka kazi, mpe hii: akwangue tu, asipake. Skimu ya jipsamu ikishalowa haina maisha, aitoe yote mpaka futi moja au mbili juu ya mstari wa unyevu. Kama chini mlipaka rangi ya mafuta, ile ya kiunoni kushuka chini ili watoto wakichafua ifutike, hiyo nayo itoke, maana ni naylon tupu juu ya ukuta. Lipu ya saruji yenyewe ni ngumu, usiruhusu ibomolewe yote bila sababu. Mwambie agonge kwa mpini wa bisibisi: inayojibu kwa sauti nene imeshika, inayolia utupu imeachia tofali na hiyo ndiyo ya kutoa. Vigae vya ukingo wa chini, vile vinavyozunguka chumba, ng'oa baadhi hapa na pale ukuta upumue. Vigae vya sakafuni gonga vile vile; vilivyoshika viache.

Halafu hewa. Fungua madirisha yanayotazamana mchana jua likiwaka, funga mvua ikinyesha. Makabati na vitanda visogezwe mbali na kuta, angalau upana wa mkono. Umeme ukishapimwa, weka feni za kusimama zielekee dirishani kutoka ndani, zisukume hewa mbichi nje. Mwenye kiyoyozi aweke kile kitufe chenye alama ya tone, kinakausha hewa kuliko kuipoza. Ukungu wa kweli, yale madoa meusi na ya kijani, unaanza ndani ya siku moja au mbili kwenye vitu vilivyolowa, kwa hiyo hewa hii si ya kungoja mpaka muda upatikane.

Itachukua muda gani? Tofali la inchi sita lenye lipu pande mbili, masika ikiendelea, usinitegemee nikwambie wiki moja. Hesabu wiki kadhaa, pengine miezi. Usikisie kwa kugusa kwa kiganja, uso hukauka mapema na kukudanganya. Fanya hivi: kata kipande cha naylon ya wazi, futi moja na nusu kila upande, kibandike ukutani karibu na sakafu kwa tepu, kando zote nne zishike pasipite hewa. Bandika jioni. Kesho yake jioni njoo na tochi. Ukiona umande upande wa ndani wa naylon, au ukibandua ukakuta pale palipofunikwa ni pa giza kuliko pembeni, ukuta bado una maji. Rudia baada ya wiki mbili, mahali pale pale na ukuta mwingine, hasa ule unaopakana na bafu na ule usiopata jua. Chumvi nyeupe ikitoka katikati ya kusubiri, ifurahie, maana inatoka. Ipige brashi kavu, uizoe, usiioshe kwa maji, la sivyo unairudisha ndani. Itatoka tena mara mbili tatu kisha itapungua.

Naylon ikibaki kavu, fundi rangi aje na lipu ya saruji ya kuziba palipobomolewa, iachwe nayo ikauke, kisha rangi ya maji ya kawaida. Skimu ya jipsamu usiirudishe kwenye mita moja ya chini. Najua inapendeza, lakini uko bondeni.

Milango itavimba na kugoma kufunga. Fundi seremala atakuja na randa. Mzuie na yeye. Mlango wa mninga ukikauka polepole kivulini utarudi karibu na umbo lake, na ukiwa umeupiga randa utabaki na nafasi ya kupitisha panya. Makabati ya chipbodi yaliyovimba chini hayarudi, usipoteze hela kuyapaka. Godoro la sponji, jirani anaweza kukwambia lianikwe juani. Najua bei ya godoro, na sisemi hili kirahisi, lakini sponji iliyokunywa maji ya choo haisafishiki ndani. Litupwe, hasa la mtoto. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto, zikauke juani, zipigwe pasi. Mchele, unga, sukari na dawa vilivyoguswa na maji visihurumiwe.

Hati ya nyumba na vyeti vikilowa, usivitenganishe kwa nguvu wala kuvianika juani, karatasi itajikunja na wino kuhama. Suuza tope taratibu kwa maji safi, weka kwenye mfuko wa plastiki, peleka kwenye frizer ya mtu wa ghorofani au ndugu asiyepatwa. Zikiganda hazioti ukungu, na unapata muda wa kuzikausha moja moja kwa utulivu, ukiziwekea karatasi nyeupe katikati.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Zungukia nyumba mchana huu ukitazama pembe za madirisha na milango. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe unaweza kuwa wa zamani, au maji yamechota udongo chini ya msingi. Chora mstari wa penseli mwisho wa ufa pande zote mbili na uandike tarehe. Ufa ukivuka mstari wiki zijazo, au ukiwa tayari unaweza kuingiza ncha ya kalamu ya wino, mwite mhandisi kabla ya fundi yeyote mwingine. Angalia na ukuta wa fensi. Huo ndio unaojengwa kwa msingi mwembamba kuliko vyote, bila matundu ya kupitishia maji chini, na ukishalowa unaweza kuanguka siku ya jua kabisa. Ukuta huo ukiinama hata kidogo, watoto wasicheze karibu nao na gari lisiegeshwe pembeni yake. Na kama nyumba iko ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu katika eneo hilo, kwa hiyo ongea na serikali ya mtaa kuhusu hadhi ya kiwanja kabla hujamwaga mamilioni kwenye matengenezo makubwa.

Kikao cha sendofu kifanyike. Sakafu itakuwa safi, harufu itakuwa imekwisha, na kuta zitakuwa za saruji tupu chini ya kiuno. Ndugu wote wanajua mvua ilinyesha. Panga viti katikati ya chumba, usitundike vitambaa ukutani kuficha, vinazuia hewa. Au kihamishieni kikao kwa shangazi au mama mdogo, hamtakosa sebule. Sherehe ya mtu mmoja isiufunge ukuta wa nyumba nzima.

Kuhusu hela: mafundi baada ya mafuriko wanakuwa wachache na bei zinapanda. Lipa kwa hatua, kazi ya siku kwa hela ya siku, na vifaa nunua mwenyewe dukani upewe risiti. Anayetaka yote mbele "akanunue vifaa Kariakoo", mwache aende.

Na kwa kuwa lipu ya chini itakuwa wazi na soketi zote za chini zinabadilishwa hata hivyo, mwambie fundi umeme azipandishe hadi usawa wa kiuno au juu kidogo, na nyaya zake zishuke kutoka darini badala ya kupanda kutoka sakafuni. Kuchimba ukuta ni kazi ya mara moja, na haitakuwa rahisi hivi tena ukishapaka rangi. Kwenye chemba ya mwisho kabla ya shimo la choo mwekee fundi bomba kazi ya kufunga valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, maana nyumba nyingi maji hutokea chooni kabla hayajafika mlangoni. Muulize mlinzi au watoto wakubwa walioona usiku ule: yalianza kuingia wapi?